Jina Chini ya Kola: Tartani na Nguo za Pikipiki

Haya ni maneno niliyozungumza mbele ya waendesha pikipiki na mafundi cherehani. Nimeyaweka yote kama nilivyoyasema kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha za ukutani nimeziacha, koti nililolishika nitalieleza kwa maneno.

Ndugu zangu waendesha pikipiki, mafundi wenzangu, wazee na vijana mliofika, nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu mkaja kusikiliza habari za kitambaa.

Nimekuja na koti. Litazameni kwanza. Ni koti la ngozi nyeusi, ngozi nzito, lenye kinga mabegani, viwikoni na mgongoni. Ukiliona kwa mbele ni koti jeusi kama makoti mengine meusi. Sasa nainua kola. Mmeona? Upande wa chini wa kola kuna kitambaa chekundu chenye mistari ya kijani, buluu, nyeusi, nyeupe na njano. Nafungua zipu: bitana ya kifuani ni kitambaa hichohicho. Nageuza ncha ya mkono: upindo wa ndani, upana wa vidole viwili, ni hichohicho. Kwingine kote hakipo.

Nilipokuwa nalitundika hapa, mmoja wenu aliniuliza, "Fundi, kitambaa kizuri namna hii, mbona umekificha?" Ndugu yangu, nakushukuru kwa swali hilo, maana ndilo nililokuja kulijibu. Sikukificha. Nimekiweka pale ambapo hakilizuii koti kufanya kazi yake. Koti lifanye kazi yake kwanza. Mtanisikia nikilirudia neno hilo leo, na mnivumilie, kwa sababu nimeona linavyosahaulika.

Tuanze na kitambaa chenyewe. Kinaitwa tartani, kitambaa cha Uskoti. Wengi wetu tukiona miraba tunasema "drafti" tunamaliza. Tartani ni drafti, lakini si kila drafti ni tartani. Tartani ni hesabu. Mfumaji anapanga nyuzi za mtande, zile zinazokwenda kwa urefu, kwa idadi: nyekundu kadhaa, kijani kadhaa, nyeusi mbili, nyekundu tena. Mpangilio ukifika mwisho wake unageuka na kurudi ulikotoka, kama mtu anayepanda ngazi na kushuka kwa hatua zilezile. Kisha mshindio, uzi unaoukata mtande kwa upana, nao unafuata hesabu hiyohiyo. Mpangilio mmoja kamili, kabla haujajirudia, huitwa seti, na ukijua seti ya tartani umeijua tartani yenyewe.

Kivuteni kitambaa karibu na jicho. Mtaona vijimstari vyembamba vya mshazari. Ni kwa sababu uzi wa mshindio unapita juu ya nyuzi mbili za mtande, chini ya mbili, na kila safari unasogea hatua moja. Nyekundu ikikutana na nyekundu, unapata nyekundu safi. Ikikutana na kijani, unapata rangi ya tatu ambayo hakuna aliyeitia katika ndoo ya rangi. Imezaliwa na mkutano tu. Mfumaji akiwa na rangi 6, kitambaa kinatoka na rangi 21. Hebu fikirini. Rangi 6 za uzi, rangi 21 machoni. Mimi nimeshona miaka mingi na jambo hilo bado linanipendeza.

Sasa niwaulize: mnajua kwamba kulikuwa na wakati mtu alifungwa kwa kuvaa vazi la namna hii? Mwezi Aprili 1746, huko Culloden karibu na Inverness, jeshi la serikali liliwashinda wafuasi wa ukoo wa kifalme wa Stuart, na wengi wao walikuwa watu wa Nyanda za Juu za Uskoti. Bunge la London likaona kwamba ushindi wa vita hautoshi, likawafuata mpaka kwenye nguo. Sheria ya mavazi ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1747. Mwanamume au mvulana akikutwa Uskoti na vazi la Nyanda za Juu, naye si askari wa mfalme, jela miezi 6. Akirudia, anapelekwa ng'ambo kwenye makoloni, miaka 7.

Na sisi washonaji wa makoti tutege sikio hapa. Sheria ile ilitaja makoti waziwazi. Ilikataza tartani isitumike kwa makoti makubwa wala makoti ya juu. Miaka 7 ng'ambo kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya koti! Sheria haikuondolewa mpaka 1782. Mtoto aliyezaliwa mwaka ilipoanza alikuwa mtu mzima wa miaka 35 siku aliporuhusiwa kuvaa alichovaa babu yake.

Ndiyo maana siwezi kukichukua kitambaa hiki kama karatasi ya kufungia zawadi. Nawaomba na nyinyi msikichukue hivyo.

Lakini nisiwatie hofu. Kuna watu wananijia dukani wakiwa na wasiwasi: "Mimi si Mskoti, sina ukoo huko, nikivaa si nitakuwa nimeiba jina la watu?" Ukweli ni kwamba majina mengi ya koo yalibandikwa kwenye vitambaa baadaye sana. Familia ya Wilson, wafumaji wakubwa wa Bannockburn, walikuwa na daftari lao la vipimo la mwaka 1819, na tartani zao nyingi zilijulikana kwa namba au kwa jina la mji. Miaka mitatu baadaye, 1822, Mfalme George wa Nne alifika Edinburgh, mwandishi Walter Scott akasimamia mapokezi, na kila mkubwa wa Uskoti akataka aonekane na tartani ya ukoo wake. Asiyekuwa nayo aliitafuta. Kwa hiyo kitambaa kilikuwapo kabla ya majina mengi, na mtu wa kawaida asiye na ukoo wowote hakatazwi kukivaa.

Kinachotakiwa ni adabu. Iko tartani ya Balmoral, ambayo ni ya familia ya kifalme ya Uingereza; hiyo iacheni. Ziko zinazokubalika kwa kila mtu, kama Black Watch, ile ya kijani, buluu na nyeusi iliyovaliwa na kikosi cha jeshi chenye jina hilo, au Caledonia. Na tangu mwaka 2009 iko Daftari la Tartani la Uskoti, linalotunzwa na hifadhi ya nyaraka ya taifa lao, ambalo mtu yeyote anaweza kulipekua kwenye intaneti. Unaingiza jina, unaona kitambaa, unasoma ni cha nani na kilianzishwa kwa sababu gani. Dakika tano. Nawaomba jambo moja tu hapa: jueni jina la kitambaa kabla hamjakitia mkasi. Mteja akiuliza, "Fundi, hii ni nini?" usimjibu "drafti nyekundu". Mwambie jina.

Sasa nije kwenye lile neno langu. Koti lifanye kazi yake kwanza.

Mwaka 1969 Alan Bean, mwanaanga wa Marekani na mtu wa nne kukanyaga Mwezi, alisafiri kwa Apollo 12 akiwa na kipande cha tartani ya ukoo wa MacBean. Kipande, ndugu zangu. Hakuna aliyewaambia mafundi wa suti za anga, "Nishonee mkono wa sufu, nataka jina langu lionekane." Suti ilikuwa na kazi ya kumweka hai. Jina lilipata nafasi yake pembeni, likafika Mwezini salama na likarudi salama.

Na sasa nawapa hadithi ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Jackie Stewart ni Mskoti, dereva wa magari ya mbio, bingwa wa dunia wa Formula 1 mara tatu: 1969, 1971 na 1973. Najua ni wa magari, si wa pikipiki. Lakini tazameni helmeti yake. Helmeti nyeupe, nyeupe kabisa, na kuizunguka pale juu kuna mkanda mmoja wa tartani ya Royal Stewart. Mkanda mmoja! Mtu alikuwa na haki zote za kuichora helmeti nzima, maana jina ni lake. Akachagua mkanda. Na kwa sababu pande zote zilizobaki zilikuwa nyeupe, mkanda ule ulijulikana duniani kote. Ukiuona kwa mbali unajua ni nani anakuja.

Lakini kinachonifanya nimpende zaidi mtu yule ni kwamba alijua kazi ya vifaa. Mwaka 1966, kwenye mbio za Ubelgiji katika uwanja wa Spa, mvua kubwa ilinyesha, gari lake likatoka barabarani. Akabanwa ndani, usukani umemshika, petroli inamwagika mwilini mwake. Madereva wenzake wawili, Graham Hill na Bob Bondurant, ambao nao walikuwa wameteleza palepale, ndio waliomtoa, kwa spana waliyoazima kwa mtazamaji. Spana ya kuazima! Baada ya siku ile Stewart alitembea na spana yake ndani ya gari, na alitumia miaka mingi kudai viwanja salama, mikanda ya usalama, madaktari, kinga za kweli, hata pale ambapo wenye viwanja walimchukia kwa hilo.

Mnaona mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja kwa mtu mmoja? Mkanda wa tartani kwenye helmeti, na spana kwenye usukani. Hakuwahi kuona kwamba kimoja kinamzuia kupenda kingine. Mimi ninaposhona bitana ya koti la pikipiki, huyo ndiye ninayemfikiria.

Tushuke sasa mpaka kwenye lami.

Pikipiki ikianguka, mwili unatua wapi? Jibuni. Mabega. Viwiko. Nyonga. Magoti. Kiwango cha Ulaya cha nguo za waendesha pikipiki, EN 17092, kinayahesabu maeneo hayo kuwa ya hatari ya kwanza, na nguo inapopimwa mpaka kupewa daraja la A, AA au AAA, hapo ndipo inaposuguliwa zaidi. Chini ya kola hapasuguliwi. Ndani ya kifua hapasuguliwi. Ndani ya mfuko hapasuguliwi. Sasa mnaelewa ramani yangu ya kushonea imetoka wapi.

Kuna kijana aliniletea koti lake baada ya kuanguka. Mwendo haukuwa mkubwa, aliteleza kwenye kona yenye mchanga. Koti lilikuwa zuri, ngozi nzuri, lakini kabla ya hapo fundi mmoja alikuwa amekata ngozi ya kiwiko kwa umbo la duara na kuweka kitambaa cha tartani mahali pake, ili rangi ionekane anaposhika usukani. Nililiweka juu ya meza chini ya taa. Pembeni mwa duara ngozi ilikuwa imekwaruzika, imefifia, imesimama. Ndani ya duara hapakuwa na kitu. Nyuzi chache nyekundu zimeshikamana na kinga ya kiwiko, na kinga yenyewe imechimbika kama jibini lililopitishwa kwenye kikwaruzo. Nyuzi zilikuwa ngumu kidogo, zimeganda kwa kuyeyuka, nikajua kwamba haikuwa hata sufu. Ilikuwa poliesta. Kijana alikuwa na kovu la ukubwa uleule wa duara lile. Ukubwa uleule, kama lililopimwa kwa bangili.

Poliesta huyeyuka kwenye joto la nyuzi kama 260 za Selsiasi, na msuguano wa lami hauoni tabu kulifikia. Ikiyeyuka inashika ngozi ya mtu. Sufu haiyeyuki, huungua ikawa majivu na mkaa, na haishiki moto upesi. Ndiyo maana bitana inayogusa mwili naipenda ya sufu au pamba. Lakini msinielewe vibaya. Hata sufu nzito ya kushonea kilti, ile sketi ya kiume ya Waskoti, sufu ya wakia 16 kwa yadi, ni kinga ya baridi. Mbele ya lami haikai. Msikate ngozi ya kiwiko. Msikate ngozi ya bega. Msikate ngozi ya goti. Kama unataka rangi juu ya koti, iweke pale mwili usipotua.

Na tafadhali, mafundi, tuwe waangalifu na sindano. Ngozi ina tabia yake. Sindano ikipita kwenye kitambaa, nyuzi zinasogea, na ukichomoa zinarudi. Sindano ikipita kwenye ngozi inatoboa, na tundu hilo halizibi maisha ya koti. Ukitoboa matundu yaliyokaribiana kwa mstari ulionyooka, umetengeneza mahali pa kuchanikia, kama karatasi ya stempu. Kwa hiyo mimi sitoboi mapya. Nafumua mshono wa zamani wa kola taratibu, uzi mmoja mmoja, naingiza ukingo wa tartani katikati, kisha nashona kwa mkono nikipitia matundu yaleyale ya kiwandani. Ni kazi ya saa nzima kwa kola moja. Kidole kinauma hata ukivaa subana. Lakini koti linabaki na nguvu lililokuja nayo.

Kuhusu makoti ya kuzuia mvua, nina ushahidi wangu mwenyewe. Nilikuwa na jaketi la kitambaa lenye utando wa ndani wa kuzuia maji. Nikaweka utepe wa tartani kifuani, juu ya mfuko, nikapitisha cherehani moja kwa moja. Likapendeza sana. Safari ya kwanza ya mvua, baada ya nusu saa, nikahisi baridi kifuani. Nikadhani ni jasho. Nilipovua niliona alama ya maji yenye umbo la utepe, mstari ulionyooka kama rula, imelowa mpaka kwenye fulana. Kila tundu la sindano lilikuwa mlango, na uzi ulikuwa unayavuta maji kuyaingiza ndani kama utambi wa taa. Utando ule viwandani huzibwa kwenye kila mshono kwa tepe maalumu inayobandikwa kwa joto. Mimi nilitoboa na sikuziba. Tangu siku hiyo, jaketi la mvua silitoboi. Natengeneza kitu cha kuvua na kuvaa: skafu fupi ya shingoni isiyo na ncha zinazoning'inia, au bitana ya kufunga kwa zipu ile ambayo jaketi limekuja nayo.

Nimesema isiyo na ncha zinazoning'inia, na nataka mlisikie hilo vizuri. Mwaka 1927, mjini Nice, Ufaransa, mcheza dansi Isadora Duncan alipanda gari la wazi akiwa na skafu ndefu shingoni. Ncha ikashikwa na gurudumu. Akafa palepale. Sisi tuna gurudumu, mnyororo na spoku, vyote viko wazi, karibu na miguu yetu. Skafu ya tartani ya mita mbili inapendeza kwenye picha. Barabarani iingie ndani ya koti yote, na zipu ipande mpaka juu. Kilti nayo, mnaoniuliza kila mara, ivaeni mkifika. Bomba la moshi na goti tupu havipatani.

Jambo la kuonekana nalo lina watu wake wanaobishana nami. Wanasema, "Fundi, rangi nyingi si ndiyo nzuri? Madereva watatuona." Hapana. Sikilizeni kwa makini, maana hapa macho yanatudanganya.

Nilisema rangi 6 zinazaa 21. Zile rangi za kuchanganyika unaziona kwa karibu tu. Rudi nyuma hatua thelathini, na jicho linaanza kuzijumlisha. Nyekundu na kijani zilizofumwa pamoja zinageuka kahawia. Kijani na buluu na nyeusi za Black Watch zinageuka giza tupu. Na Waskoti wenyewe wanalijua hilo: koo nyingi zina tartani ya pili iitwayo ya uwindaji, ya kijani na kahawia, rangi za vichaka na milima, ambayo mwindaji angeivaa bila kupiga kelele machoni. Mwindaji anataka asionekane. Je, mwendesha pikipiki kwenye makutano anataka asionekane?

Utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004, uliwalinganisha waendesha pikipiki walioumia na wengine waliokuwa barabarani. Waliovaa reflekta au rangi kali za kung'aa walikuwa na hatari ndogo zaidi kwa asilimia 37. Waliovaa helmeti nyeupe, wakilinganishwa na wenye helmeti nyeusi, asilimia 24. Kumbukeni tena ile helmeti ya Stewart: nyeupe, na mkanda mmoja.

Kwa hiyo msifunike reflekta kwa tartani. Hata sentimita moja. Kama fulana yako ya reflekta ni ya njano inayowaka, iache iwake. Unaweza kuzungushia utepe wa tartani kwenye shingo ya fulana hiyo, na ukatosha. Na kwenye helmeti msibandike kitambaa kwa gundi yoyote iliyopo karibu. Baadhi ya gundi na rangi zinalainisha ganda la plastiki bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje. Someni maelekezo ya mtengenezaji. Kama moyo hautulii, nitakushonea mfuko wa helmeti wa tartani, mzuri, wenye kamba, uubebe kwa fahari.

Sasa mafundi, tukae kwenye mkasi.

Kosa ninaloliona zaidi ni ukubwa wa seti. Seti ya kitambaa cha kilti inaweza kufika sentimita 15 na zaidi. Kifuniko cha mfuko wa jaketi kina upana wa sentimita 12. Ukikata bila kupima, unapata kifuniko chekundu chenye mstari mmoja uliopotea pembeni, na hakuna atakayejua ni tartani gani. Tafuteni kitambaa chenye seti ndogo, kile cha kushonea tai na skafu. Au chagueni tartani rahisi kama Rob Roy, miraba myekundu na myeusi tu, ambayo hata kipande cha ukubwa wa kiganja kinaitambulisha.

La pili ni mistari kukutana. Huu ndio mtihani wa fundi. Kola ina nusu mbili. Mstari wa katikati wa seti uanguke katikati ya mgongo, kusudi kushoto na kulia vitazamane kama uso kwenye kioo. Mimi nakikunja kitambaa kwenye mstari huo, nachoma pini kila mstari mweupe unapovuka, kisha nafunua nitazame upande wa pili kama pini imetokea kwenye mstari mweupe wa huko. Ikikosea uzi mmoja, narudia. Halafu napiga bandi, mshono wa muda wa mkono, kwa uzi wa rangi nyingine kabla ya kugusa cherehani, maana sufu hutembea chini ya mguu wa cherehani, na mistari iliyokutana mezani inaachana ukifika mwisho wa mshono. Na kabla ya yote hayo, pigeni pasi juu ya kitambaa kilicholoweshwa, sufu isinyae sasa mezani kwenu, isije kusinyaa ndani ya koti la mtu baada ya mvua ya kwanza.

Mahali ambapo mistari haiwezi kukutana, kama kwenye utepe wa pembeni mwa zipu au ukingo wa mfuko, kata hanamu. Ukikata hanamu, miraba inasimama kwa pembe na kuwa almasi, jicho halitafuti tena mstari wa kuunganisha, na utepe unapinda vizuri kwenye kona. Kata mwembamba. Utepe wa milimita 8 kandokando ya zipu nyeusi unatosha kabisa. Mwenye kuujua ataujua.

Bitana ndiyo sehemu ninayoipenda, na si mimi tu. Wale Baracuta, watengenezaji wa jaketi wa Manchester, katika miaka ya 1930, walitaka tartani ya Fraser iwe bitana ya jaketi lao fupi, wakaenda kumwomba ruhusa Lord Lovat, mkuu wa ukoo wa Fraser. Akakubali. Nje jaketi tulivu la rangi moja, ndani Fraser nyekundu. Wameshikilia mpango huo mpaka leo. Naipenda ile hatua ya kwenda kuomba. Wangeweza kunyamaza wakakata tu.

Bitana ina faida moja ambayo nje haina. Ni ya mwenye koti. Unasimama kituo cha mafuta, mikono imekufa ganzi kwa baridi, unafungua zipu, na kile kitambaa kinafunguka na joto la mwili wako. Wapita njia wanaona kidogo. Wewe unaona yote. Lakini hata hapo, mafundi, mifuko ya kinga za mgongo na mabega ibaki wazi. Kinga zitoke na kuingia kama zamani. Na mwenye fulana ya hewa, ile inayojaa anapoanguka, asibanwe na bitana nene. Ipime ikiwa imejaa.

Nimesema mengi, na naona wengine wameanza kugeuza kola zao. Hapa mezani kuna vipande vya Black Watch, Caledonia, Rob Roy, na kipande kidogo cha Royal Stewart kilichobaki kwenye koti hili. Kila kimoja nimekiandikia jina lake kwa chaki upande wa nyuma. Pini ziko kwenye kopo, uzi wa bandi ni ule mweupe. Dada mwenye koti la kahawia pale mbele, lako lina mshono wa kola ulio wazi na unaofumuka kwa urahisi. Lilete, tulianze pamoja wengine waone. Mwenye jaketi la mvua, sindano uiache mezani, njoo nikupime shingo.